Gurudumu Linalozunguka Bure

Mwaka wa 1827 fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata jibu la shida inayoonekana ndogo. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama uliwahi kupiga gwaride shuleni unaijua hiyo hesabu: mstari ukipinda, aliye ndani anakanyaga papo hapo na aliye nje anakimbia. Ukiunganisha magurudumu mawili kwa chuma kimoja, moja lazima liburutwe. Pecqueur alikuwa anaunda gari la mvuke, akaweka katikati ya ekseli kikundi cha gia kinachoruhusu kila gurudumu liende kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo difu. Karibu miaka 200 baadaye, iko chini ya kila gari linalopita Jogoo Road.

Lakini difu ina tabia moja mbaya. Hugawa nguvu sawa kwa sawa kati ya magurudumu mawili, na kipimo chake ni lile dhaifu. Gurudumu moja likiwa kwenye tope, halina cha kushika, kwa hiyo linapokea nguvu kidogo sana. Basi hata lile lililo juu ya jiwe kavu linapewa kiasi hicho hicho kidogo. Matokeo yake unayajua kama umewahi kupanda pikapu wakati wa masika: tairi moja linazunguka kama pia, linarushia watu matope, na lenzake limetulia tuli kama mgeni aliyefika mapema.

Dawa ya tabia hiyo ni kuifunga difu, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja yatake yasitake. Mafundi wa huku kwetu huita difuloki, au loka tu. Hii ni historia ya namna watu wa Eastlands, ambao wengi wao hawajawahi kumiliki fobaifo, walivyokuja kulijua tumbo la gari hilo kuliko waliolinunua likiwa jipya.

Tope la Burma

Ukitoka Muthurwa kwa Landhies Road kuelekea City Stadium utapita Burma, soko ambalo watu wengi wa Nairobi wanalijua kwa nyama. Wazee wa Shauri Moyo husimulia kwamba jina hilo lililetwa na askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Kwangu mimi historia ya fobaifo mtaani inaanzia hapo, ingawa karakana za kwanza zilikuwa za reli.

Reli ilifika Nairobi 1899 na ikaja na karakana zake. Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni ni mitaa ya wafanyakazi wa reli. Lakini ndani ya karakana zile ngazi za kazi zilipangwa kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi alishika kazi ya ufundi, na Mwafrika alikuwa wa kubeba, kusukuma na kupitisha spana. Aliyetaka kujua kwa nini chuma fulani kimekatika ilibidi aibe maarifa kwa macho.

Vita vilivuruga mpango huo. Jeshi lilihitaji madereva na makanika haraka, na halikuwa na muda wa kusubiri Wazungu watoshe. Kikosi cha usafiri, East Africa Army Service Corps, kilifundisha maelfu ya Waafrika kuendesha na kutunza malori. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukuma vita kupitia bonde la Kabaw, kule Burma, katikati ya mvua za monsuni, ikavuka mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Waliopigana huko walikuwa na adui wawili: Mjapani, na barabara.

Jipu na malori ya vita vile yaliwapa watu wengi somo lao la kwanza la fobaifo. Somo la pili lilifuata upesi: nguvu kwenda mbele na nyuma haitoshi. Fobaifo ya kawaida ina difu mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila moja ina tabia ile ile. Ikikwama vibaya, gurudumu moja la mbele linazunguka bure na moja la nyuma linazunguka bure, kisha unabaki na gari la magurudumu manne lisiloendeshwa na hata moja. Hapo unahitaji mbao, minyororo, kamba na migongo ya watu.

Vita vikaisha, wakarudi. Wengine waliweka akiba yao kwenye biashara ya usafiri, wengine wakatafuta kazi za udereva na umakanika. Cheti cha jeshi hakikumfungulia Mwafrika kila mlango Nairobi ile, lakini kilichokuwa kichwani hakingeweza kunyang'anywa. Kwa mara ya kwanza mtaani kulikuwa na watu waliowahi kufungua difu kwa amri, wakiwa na kitabu cha maelekezo na mwalimu, badala ya kuchungulia begani kwa mtu mwingine.

Gari la serikali

Land Rover ya Uingereza ilizinduliwa Amsterdam 1948, na haikuchukua muda kuwa gari la dola katika koloni. Kwa wakazi wa mitaa kama Bahati na Kaloleni, miaka ya Hali ya Hatari haikuwa gari la kutalii. Lilikuwa gari la polisi na la ofisa wa wilaya. Aprili 24, 1954, serikali ilipoanza Operesheni Anvil na kuuzingira mji, mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Mtoto wa wakati ule alijifunza kutambua mngurumo wa injini kabla ya kulijua jina la gari.

Halafu magari yakazeeka. Hilo ndilo jambo moja ambalo dola haliwezi kuzuia. Uhuru ulikuja, Land Rover zikaendelea kutumika, baadaye zikawa zinaunganishwa hapa hapa Thika, na zilizochoka zikauzwa kwenye minada. Lililomfuata babu yako usiku likaja kuegeshwa nyuma ya nyumba ya jirani likiwa juu ya matofali, linasubiri hafushafti.

Hafushafti ni ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Zile za Land Rover za zamani zilisifika kwa kukatika. Lakini waliolichora gari lile walikuwa na busara moja kubwa. Uzito wa gari haukubebwa na hafushafti. Ulibebwa na kasha la ekseli na beringi za habu, na kazi ya hafushafti ilikuwa kuzungusha tu. Ikikatika, ulifungua nati 6 pembeni ya gurudumu, ukaichomoa bila hata kupiga jeki, ukaweka nyingine. Kama huna nyingine, uliingiza fobaifo ukarudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele.

Kumbuka hilo. Tofauti kati ya hafushafti inayozungusha tu na hafushafti inayobeba mzigo ndiyo kiini cha sehemu iliyobaki ya hadithi hii.

Kutoka Kamukunji hadi Kariobangi

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ikaufanya ulimwengu uanze kuizungumzia sekta isiyo rasmi kama kitu halisi. Miaka mitano baadaye Kenneth King akachapisha kitabu kuhusu mafundi wa Kenya, akionyesha jinsi ujuzi ulivyopita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi bila darasa. Kwa watu wa Eastlands haikuwa habari mpya. Walikuwa wamechomekwa na jua hilo miaka mingi kabla halijaitwa sekta. Serikali nayo, iliyozoea kuwabomolea vibanda, ilichelewa kuamka. Ilibidi Rais Moi afike Kamukunji 1985 ndipo mafundi wakaanza kujengewa mabanda.

Wakati huo huo gari la kazi lilikuwa linabadilika. Toyota ilikuwa imeanza kuuza Hilux 1968, na mwaka wa 1979 ikatoa ya fobaifo. Hilux ilikuwa nyepesi na rahisi kutunza, na haikukata hafushafti ovyo kama Land Rover. Mwaka wa 1985 Toyota iliiwekea Hilux ya soko la Marekani mfumo laini zaidi mbele, lakini kwenye nchi kama yetu iliendelea kuuza ile yenye ekseli moja ngumu na springi za bapa kwa miaka mingi. Ndiyo ile pikapu ambayo mpaka leo, ukiiona Gikomba imepakiwa hadi juu ya kichwa cha dereva, hushangai.

Spea zake zilikuwa Grogan. Barabara yenyewe inaitwa Kirinyaga Road, lakini nani anasema hivyo? Jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, lilifutwa kwenye kibao likabaki mdomoni. Pale unapata ekseli nzima iliyotoka Japani au Dubai, imekatwa kutoka kwenye gari lililokufa huko, bado ina vumbi la kontena. Ukishanunua, kazi ya kuikata, kuikereza na kuichomelea unaipeleka Kariobangi Light Industries, kwenye mashine za kukereza ambazo mafundi huita leithi, na kalibu za kuyeyushia alumini, na watu wanaoweza kukutengenezea kipuri kwa kuangalia kilichovunjika.

Nilisomea uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo haijanishinda. Difu tuliifundishwa ubaoni kwa dakika 50, kama mlinganyo: mwendo wa kasha ni wastani wa mwendo wa magurudumu mawili. Mlinganyo ni sahihi kabisa. Nilichokuja kukiona Kariobangi ni mtu akiutumia bila kuuandika. Alikuwa anataka kujua difu ya ex-Japan ina uwiano gani, na kibandiko kilikuwa kimetoka. Akapiga alama ya chaki kwenye propela, akafunga gurudumu moja lisizunguke, akazungusha lingine mara 2 kamili, huku akihesabu propela inazunguka mara ngapi. Mara 2 na sufuri, wastani ni 1. Propela ilizunguka mara 4 na zaidi kidogo ya nusu. Akasema hiyo ni 41 kwa 9, meno 41 kwenye krauni na 9 kwenye pinioni. Akaifungua. Ilikuwa 41 kwa 9.

Ekseli kwanza, loka baadaye

Mzee mmoja wa Buruburu ana Hilux ya aina hiyo, ya miaka ya 1990. Huenda Loitokitok kuchukua vitunguu. Barabara kuu ni lami siku hizi, lakini vitunguu havioti kwenye lami. Shamba liko ndani, na mvua ikinyesha udongo mweusi unageuka gundi. Msimu mmoja alilala huko usiku mbili, mzigo ukaanza kuchipuka. Akaja kwa fundi akiwa ameshaamua.

"Nataka loka ya nyuma," akasema.

"Mzee wangu, hebu kwanza niambie unabeba magunia mangapi," fundi akamjibu.

Mzee akataja idadi, fundi akacheka, kisha akakataa kazi. Alikubali tu mzee atakapobadilisha ekseli kwanza. Nilidhani anatafuta pesa zaidi. Ilibidi nikae pale siku kadhaa ndio nielewe.

Ekseli ya nyuma ya Hilux ile si kama ya Land Rover. Hafushafti yake inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na beringi, gurudumu linaondoka nayo. Ukiwa unatambaa shambani, hiyo ni hasara. Ukiwa unateremka kwenye lami na magunia ya ziada na watoto wawili wa kupakua wamekaa juu, hiyo ni maiti.

Sasa ongeza loka. Difu ya kawaida, pamoja na ubaya wake, ni kama fyuzi: gurudumu likikosa mshiko, nguvu inapotea bure na hakuna kinachovunjika. Loka inaondoa hiyo fyuzi. Gurudumu moja likiwa hewani na lenzake limejikita kwenye jiwe, nguvu yote ya injini, ikiwa imezidishwa na gia ya chini, inapita kwenye hafushafti moja. Loka haiongezi nguvu hata kidogo. Inachofanya ni kuutwisha mzigo wote yule aliyesimama imara, na kama fimbo yake tayari imechoka kwa miaka 30 ya kubeba kupita kiasi, ndiyo itakatika.

Kwa hiyo wanaojua huanza na ekseli. Inayopendwa ni ya nyuma ya Land Cruiser pikapu ya zamani. Krauni ya Hilux ina kipenyo cha inchi 8, ya Land Cruiser inchi 9.5, na uzito wa gari unabebwa na kasha na beringi kama kwenye Land Rover. Lakini haichomekwi tu kama taa. Viti vya springi lazima vikatwe na kuchomelewa upya mahali pake, tena kwa pembe sahihi, la sivyo propela itatetemeka hadi iue beringi. Breki za nyuma ni kubwa zaidi, lazima zilinganishwe na za mbele. Rimu nazo zina siasa yake: Land Cruiser pikapu ya zamani ina nati 6 kama Hilux, lakini iliyoanza kutoka 1999 ina nati 5. Ukinunua bila kuangalia utajikuta unabeba stepni mbili za aina mbili.

Halafu kuna uwiano. Ekseli nyingi za Land Cruiser zina meno 37 kwa 9. Kama mbele ya Hilux yako ni 41 kwa 9, propela ikizunguka mara 100, magurudumu ya nyuma yatazunguka zaidi ya mara 24 na ya mbele karibu mara 22. Kwenye tope tofauti hiyo inaliwa na utelezi. Kwenye lami kavu, ukiwa umeingiza fobaifo, ekseli mbili zinapigana hadi kitu kivunjike, na mara nyingi ni transfa. Lakini kama mbele ni 41 kwa 10, zinakaribiana sana, kwa sababu 4.1 na 4.11 ni kama ndugu. Ndiyo maana yule jamaa wa chaki ana thamani kuliko mwenye mashine ya kukereza.

Hayo yote yakishakaa sawa, ndipo loka inazungumzwa. Ziko za aina nyingi. Kuna zinazojifunga zenyewe zikihisi gurudumu linateleza, na ambazo kwenye kona hugongagonga kama zina hasira. Kuna za sahani, zinazobana kiasi bila kufunga kabisa. Kuna zinazofungwa na dereva: kwa umeme, kama zile ambazo Toyota yenyewe ilianza kuziweka kwenye Land Cruiser, au kwa hewa, kama ile ambayo kampuni ya ARB ya Australia iliichukua kutoka kwa mvumbuzi wake mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuisambaza duniani. Unabonyeza swichi, kompresa inasukuma hewa, pete ndogo ya chuma inaingia, difu inakuwa fimbo. Ukitoka kwenye tope unabonyeza tena.

Na kuna ya maskini: unafungua difu, unazichomelea zile gia ndogo za ndani pamoja, unafunga. Hakuna swichi, hakuna kompresa. Imefungwa milele. Duniani kote wasio na pesa wameifanya hiyo, na huku pia utampata mtu wa kukufanyia. Kwenye shamba inafanya kazi. Kwenye lami, kila kona tairi linaburutwa, hafushafti zinakunjwa kama kitambaa kinachokamuliwa, na barabara ikilowa mkia wa gari unataka kupita mbele. Mafundi ninaowaheshimu huwa wanakataa kumfungia hivyo mtu anayeishi mjini. Wanajua likitokea la kutokea, dereva atasema fundi ndiye aliyefanya.

Mzee wa Buruburu alibadilisha ekseli. Loka hajaweka mpaka leo, pesa iliishia kwenye breki. Anasema hakwami kama zamani, na mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba alipunguza magunia.

Wateja wa aina mbili

Kuna mashindano yanaitwa Rhino Charge. Yalianza 1989 kuchangisha pesa za kujenga uzio wa umeme kuzunguka Aberdare ili kuwalinda vifaru, na uzio huo, karibu kilomita 400, ulikamilika 2009. Kanuni ni rahisi: una saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyesafiri umbali mfupi zaidi. Mbio hazisaidii. Anayepita moja kwa moja juu ya mwamba na ndani ya korongo ndiye anayeshinda. Loka mbele, loka nyuma, ekseli zilizoimarishwa: bila hizo hufiki mbali. Huko loka ni mchezo, tena mchezo wa sababu njema, na gari likivunjika kuna kikosi cha kulivuta.

Mteja wa pili anatoka upande mwingine. Kwa miongo mingi mtu wa Eastleigh aliyepeleka bidhaa Garissa, Wajir, Marsabit au Moyale alikuwa anakwenda mahali ambapo serikali ilikuwa haijajenga barabara. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 2010, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Mvua za El Niño za 1997 zilikata kaskazini na nchi nzima. Novemba 2023 El Niño nyingine ikaikata barabara ya Garissa, malori yakapangana siku kwa siku. Kwa mteja huyu loka haimpi kikombe. Inamfikisha na dawa, unga na abiria, na ikivunjika hakuna wa kumvuta.

Wote wawili kazi yao ya chuma yaweza kupita leithi ile ile ya Kariobangi. Wa kwanza ana kitabu cha maelekezo kutoka kiwandani na namba ya simu ya muuzaji. Wa pili ana fundi. Na hapo ndipo ninapotaka tuangalie vizuri, kwa sababu fundi ndiye barabara ambayo serikali haikujenga. Kilomita za lami zilizokosekana zililipwa kwa ekseli nzito, springi za kuongeza na difu zilizofungwa, na bili ilimfikia mwenye pikapu. Tunapenda kuwasifu jua kali kwa ubunifu. Ni kweli ni wabunifu. Lakini mwingi wa ubunifu huo ulikuwa kodi ya pili, iliyolipwa na watu waliokwisha kulipa ya kwanza.

Meno 41 kwa 9

Sasa maarifa haya yako wapi? Yako kwenye vichwa vya watu wenye miaka 50 na 60, wanaofanya kazi kwenye viwanja ambavyo wengi wao hawana hati yake. Nairobi inapanda juu. Mitaa ya zamani ya baraza la jiji inabomolewa moja moja kupisha maghorofa, na ghorofa halina nafasi ya ekseli tatu zilizolala chini zikisubiri mwenyewe. Fundi akihamishwa, hahami na wateja wake tu. Anaacha yule wa leithi, yule wa kuchomelea na yule wa spea, ambao kwa pamoja ndio walikuwa karakana. Ukiwatawanya, kila mmoja anabaki na robo ya ujuzi.

Vijana nao wamepungua. Anayejifunza umakanika leo anataka injini za kompyuta na betri, na siwezi kumlaumu, huko ndiko kuna kesho. Lakini Hilux za zamani hazijaondoka barabarani. Sheria inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, bei za mpya hazishikiki, kwa hiyo zile za miaka ya 1990 zinaendelea kupigwa viraka na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Kila anayenunua anarithi kazi ya fundi asiyemjua: ekseli iliyobadilishwa, uwiano usiojulikana, difu ambayo pengine imechomelewa. Hakuna karatasi. Atajua siku akiingiza fobaifo kwenye lami ikalia, au siku gurudumu litakapompita.

Tumeandika sana kuhusu Eastlands ya muziki, ya soka, ya matatu zilizochorwa. Ni haki yake. Hii ya vyuma bado haijaandikwa, na sidhani inahitaji taasisi au mfadhili ili ianze. Baadhi ya mafundi, wakimaliza kuunganisha difu, huchukua ngumi ya kupigia nambari, wakagonga kwenye kasha la ekseli idadi ya meno: 41, kisha 9. Wengine huongeza mwaka. Inachukua dakika 2 na haigharimu kitu. Ningependa wote wafanye hivyo, na waongeze alama moja zaidi ya kuonyesha kama ndani kuna loka, na ya aina gani. Matope na grisi vitafunika, lakini nambari zilizogongwa hazifutiki kirahisi. Usiku mmoja, kilomita nyingi kutoka lami, mtu atalala chini ya gari hilo na tochi mdomoni, akwangue uchafu kwa kidole, na atajua anachoshika.